Hodi ya Nne

Lidcombe, Ijumaa mchana

Nasra wangu,

Salamu nakupa kila siku jikoni, hapa naziruka. Umekwenda Auburn kununua begi kwa sababu zipu ya lile la zamani imekufa, na mimi nimeomba ruhusa kazini, niko peke yangu mezani na kalamu inayovuja. Usitafute humu habari za mchele, sweta, wala pampu yako ya pumu. Hayo nimeyaandika kwenye karatasi nyingine, nimeibandika kwenye friji, na najua utaicheka. Humu naandika jambo lililonishinda kulisema kwa mdomo, mimi ambaye jengo hili zima wanasema sina breki.

Naandika kwa Kiswahili. Unakielewa sana, hata kama ukinijibu unanijibu Kizungu chako cha haraka. Isome polepole, kwa sauti, kama ulivyokuwa ukimsomea Mama Esperansi barua zake za serikali.

Eti nimemtaja mapema hivi. Basi, nisizungukezunguke. Kuna siku moja ambayo wewe na mimi hatujawahi kuizungumza, ile siku ya lokdauni jirani yetu huyo alipopiga hodi na sisi tukanyamaza. Kesho unakwenda chuoni Bathurst kuishi peke yako, na sitaki uondoke na uongo wangu wa siku ile. Nilidhani nakufunza. Sasa sijui nilikufunza nini.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nakukumbusha habari ya kufunga mlango. Labda kwa mara ya ishirini, sikatai. Ukaweka sahani chini ukasema, "Mum, I can fend for myself." Hukusema kwa ufidhuli, ulisema kwa uchovu, na hilo lilinichoma zaidi. Kitenzi hicho cha "fend" sikukijua. Nikajifanya nimekielewa, ulipotoka nikaitoa ile kamusi yangu ya darasani, ya enzi zile nilizokuja na viza ya uanafunzi kusomea kutunza wazee. Nikasoma nimesimama na kitambaa cha vyombo begani. Ni kuzuia kitu kibaya kinachokujia. Ni kujitunza bila kumngoja mtu.

Nikasema, Alhamdulillahi, basi kazi yangu imekwisha. Mtoto anajua kuzuia, mtoto anajua kujitunza. Nikaanika kitambaa changu, roho kwatu. Raha yangu haikufika hata siku mbili, maana Jumapili alikuja Mama Esperansi. Nitafika huko. Kwanza nikurudishe Tanga, kwa sababu ujinga wangu una asili yake na wewe hujawahi kuisikia yote.

Unajua kwamba baba yako alifariki ukiwa na miaka sita. Unajua tuliondoka nyumba ya Ngamiani. Nilikuambia tuliondoka kwa sababu ilikuwa kubwa mno kwa watu wawili. Kubwa? Vyumba vitatu na ua! Tuliondoka kwa sababu ami zako wawili walikuja baada ya mazishi, wakasimama barazani, wakaita hodi kwa sauti ya upole kabisa. Nikaitika, "Karibuni, karibuni ndani." Nani angewajibu vinginevyo? Ndugu wa marehemu, msiba bado mbichi. Wakaingia na mikeka yao. Wakasema watakaa mpaka arobaini, tusije tukaogopa usiku. Arobaini ikapita, mikeka haikukunjwa. Siku moja narudi sokoni nakuta kitanda chako kimetolewa uani, na ami yako mkubwa ananiambia kwa upole uleule, "Shemeji, mwanamke kijana hakai nyumba ya wanaume." Wala hakupandisha sauti.

Nilikubeba mgongoni, na wewe ulikuwa mzito, mpaka kwa bibi yako. Njiani nilikuwa nimekasirika mpaka meno yananiuma, na hasira yote ilikuwa juu ya neno langu mwenyewe, lile karibu. Nikajiapiza kwamba mlango wangu mwingine, popote Mungu atakaponipa, sitaufungua kwa sababu ya haya. Ndiyo maana umekulia nyuma ya kitasa, komeo na mnyororo. Wenzio walikuwa wanaalikana kulala, wewe nakukatalia. Ulikuwa unalia, nami najiona mama hodari.

Lakini adabu za kwetu hazitoki mtu akivuka bahari. Tulipohamia jengo hili, watu walikuwa wanagonga milango kwa ngumi kama wamekuja kukamata mwizi. Mama Esperansi ndiye alikuwa kinara. Mkongomani yule, mtu wa Uvira, mlango unaotazamana na wetu, akitaka chumvi tu utadhani nyumba inaungua. Atagonga, ataita, ataimba na pambio la kanisani kwao mpaka umfungulie. Siku moja nikamweka kitako. Nikamwambia, "Dada yangu, kwetu pwani mtu hupiga hodi mara tatu. Ya kwanza mwenye nyumba asikie, ya pili ajistiri, ya tatu aamue. Asipoitika, unaondoka, wala humuulizi kesho alikuwa wapi. Ndiyo heshima." Akacheka mpaka akashika mbavu. "Miye Uvira nikiita mara tatu watu wanaona kama ni mgonjwa," akasema. Lakini alijifunza. Kwa kunipenda tu, alijifunza. Tangu hapo alisimama mlangoni petu kama binti wa kuozwa, hodi, hodi, hodi, na nisipoitika nasikia ndala zake zinarudi kwake. Nilijisifu kwa hilo hata kazini.

Halafu ikaja korona, na mimi hapo nikapata wazimu rasmi. Unakumbuka. Nasafisha wodi kule Westmead, nayaona ninayoyaona, narudi nyumbani navua nguo nyuma ya mlango, natia kwenye mfuko, naoga kabla sijakusalimu. Wewe na kifua chako cha pumu. Kila nikimwona mtu amelala kifudifudi na mipira puani nilikuwa naona uso wako. Mwaka wa pili, walipotufungia sisi wa magharibi mwa jiji zaidi kuliko watu wa upande wa bahari, helikopta inazunguka juu ya paa na askari wanapita mtaani, nikakupa amri. Mlango huu haufunguliwi. Awe nani. Ukasema, "Even Mama Esperansi?" Nikasema hata yeye. Ulikuwa na miaka kumi na saba, vitabu vya mtihani wa mwisho vimejaa meza hii hii.

Amri hiyo niliivunja mimi mwenyewe. Idi ile ya kuchinja ilikuwa imepoa kama maji ya mtungi, hakuna swala ya uwanjani, hakuna mgeni, na watu wa nyumba mbili hawakuruhusiwa kukaa pamoja. Nikapika pilau nikaona siwezi kuila na mtu mmoja. Nikafungua mlango, nikamwita kwa mkono. Mama Esperansi alikaa hapo kwenye kochi la kijani, akala sahani mbili, akatuchekesha, nami nikampa leso mpya, ile ya zambarau. Alipotoka tulifunga mlango tukaangaliana kama wezi, wewe ukacheka. Nilifurahi sana siku ile, Nasra. Sitaki uisahau hiyo katika haya yote.

Siku ya tano baada ya Idi, alasiri, mimi nakaanga vitunguu, wewe uko mezani na hesabu zako. Tukasikia, "Hodi, Mama Nasra." Sauti haikuwa yake ya kawaida, ilikuwa na mkwaruzo. Nikapunguza moto. Wewe ukainua kichwa.

"Hodi. Mama Nasra, pumzi inanikata."

Nikakuwekea kidole mdomoni. Hapo ndipo unapopajua wewe. Usichokijua ni kwamba nilitembea kwa vidole mpaka mlangoni na nikachungulia kwenye kile kitundu. Nilimwona. Alikuwa ameshika fremu ya mlango wetu kwa mkono mmoja, mwingine kifuani, na ile leso ya zambarau imemteleza begani. Nilimwona vizuri kabisa.

"Nasra, mtoto wangu. Hodi."

Alikuita wewe. Nimejaribu miezi yote kujidanganya kwamba aliniita mimi mara zote tatu, lakini ya tatu ilikuwa yako. Alikutaka wewe kwa sababu wewe ndiwe uliyekuwa Kiingereza chake. Kisha akasubiri kidogo. Kisha ndala. Kisha mlango wake.

Jioni ile nilikuambia, "Nimefanya kwa ajili ya kifua chako." Ni kweli, wallahi, ni kweli. Lakini ni nusu. Nusu ya pili sijawahi kumwambia kiumbe. Niliogopa kwamba nikipiga simu ya ambulensi wataniuliza, huyu mama alikutana na nani wiki hii? Na kochi la kijani litajibu. Niliona faini, niliona bosi ananiambia nirudishe beji, niliona viza, ingawa viza ilikwisha kuwa salama zamani. Namba ya dharura ni sifuri tatu tu, hata mtoto wa chekechea anaijua. Simu ilikuwa mfukoni mwa aproni. Sikuigusa. Nikajiambia ana watu wa kanisa lake, watakuja. Nikarudi kwenye vitunguu vyangu, vilikuwa vimeshaanza kuungua.

Wewe ulisimama ukaenda bafuni. Nikasikia maji. Nikadhani unalia, nikasema mwache alie, atashukuru siku moja. Halafu chini ya sauti ya maji nikasikia unanong'ona kwa Kiingereza, harakaharaka. Hasira ikanipanda. Jirani anaumwa, dunia inakwisha, binti yangu yuko bafuni anaongea na mvulana! Haikupita nusu saa, ambulensi ikafika, wahudumu wawili waliojifunika kuanzia utosini mpaka kisiginoni wakamtoa Mama Esperansi na kiti chenye magurudumu. Nikasema Mungu mkubwa, watu wa kanisa wamepiga simu.

Ulipotoka bafuni nikakuuliza ulikuwa unaongea na nani. Ukasema, "A friend." Nikakuita mwongo. Nikakuita na jina jingine ambalo silirudii hapa, unalijua. Nikakunyang'anya simu nikaizika ndani ya ndoo ya unga wiki mbili, katika miezi ya mtihani, wewe mtu wa kusoma kwa simu. Hukubisha. Uliniangalia tu, nikasema kumbe ana hatia.

Mama Esperansi alilazwa hospitali ileile ninayosafisha, ghorofa mbili juu ya zangu. Wageni walikatazwa, na hilo nililishukuru kama chanjo. Sikuwahi hata kumtumia salamu kwa wenzangu wa juu. Aliporudi baada ya wiki tatu, amekonda, akipanda ngazi anapumzika kila baada ya hatua nne, nilimpelekea supu nikaiweka chini nje ya mlango wake. Sikupiga hodi. Nilikuwa naona haya kulitamka neno lenyewe.

Sasa Jumapili. Ulikuwa umekwenda kuwaaga wenzio. Mama Esperansi akaja na kitenge chako cha safari, kile cha njano unachosema kina kelele. Akakaa kwenye kochi, akavuta pumzi zake kwanza, akasema, "Mama Nasra, ile mtoto yako, miye sitamusahau. Wewe siku ile ulikuwaka kazini, haukuona. Yeye ndiye aliita ambilansi. Baba wa ambilansi aliniambia, kuko binti wa mlango wa mbele ndiye ametupigia, akawa anatuelekeza mpaka tunafika. Nasra hakukuambia?"

Nilishika mkono wa kochi. Nikasema, "Nani alikuambia nilikuwa kazini?"

"Yeye mwenyewe Nasra. Niliporudi alikuja mlangoni na barakoa yake, akasema pole, mama alikuwa kazini, na miye nimekatazwa kufungua."

Na mimi, mama yako, mtu mzima wa miaka arobaini na mitano, aliyesoma juzuu zake zote, nilimwangalia yule mwanamke machoni nikasema, "Ee, nilikuwa kazini."

Ndiyo hivyo. Nilimnyamazia siku ya ugonjwa, na siku ya shukrani nikamdanganya. Nikamwongezea chai.

Tangu Jumapili niko kama mtu aliyepotea chumbani kwake mwenyewe. Nimeosha jaketi lako mara mbili. Nimepanda treni ya upande usio wangu, nikashtuka nimefika Strathfield. Nakuangalia unavyokunja nguo, najiuliza, huyu ni nani niliyemlea? Nilidhani nimekulinda kumbe wewe ndiwe uliyenilinda, na jirani ukamlinda, na adhabu ukala. Uliniachia niwe mama hodari miezi yote hii. Kwa nini hukuniambia? Ulinihurumia? Uliniogopa? Au uliniona mtu wa ovyo ukaona hata kuambiwa sistahili? Kila jibu linaniuma mahali pake na sijui lipi ni la kweli. Saa nyingine nakukasirikia, nisamehe, lakini nakukasirikia kweli. Ulithubutuje kunisitiri bila ruhusa yangu! Halafu nacheka peke yangu kama chizi, halafu sicheki.

Na hii kozi yako. Nilitaka ufamasia. Nilikupigia kelele mwezi mzima, nikasema mtoto mwenye pumu anatafuta nini kwenye kazi ya ambulensi, kubeba watu ngazini? Ukanijibu, "I just want to, Mum." Sasa nadhani nimeelewa. Nasema nadhani, kwa sababu kila nilichodhani kuhusu wewe mwaka uliopita kilikuwa upepo.

*

Nimeiacha kalamu hapo juu, ndiyo maana unaona doa la wino. Nilikuwa nimeanza kukuandikia ushauri, "mwanangu, sema kweli daima", nikausoma, nikajiuliza, mdomo huu umeupata wapi ushauri huo? Nikavuka kwenda kwa Mama Esperansi.

Hatua tano, Nasra. Kutoka mlango wetu mpaka wake ni hatua tano, nimezihesabu leo kwa mara ya kwanza. Nikaita hodi. Akaitika kabla sijamaliza, "Ingia, kuko wazi!" Kumbe hafungi. Baada ya yote yale, yule mwanamke hafungi mlango.

Alikuwa anachambua lengalenga, ule mchicha wa kwao, kwenye sinia. Sikukaa. Nilisema nimesimama, nikijua nikikaa nitaanza habari za hali ya hewa. Nikamwambia, "Siku ile sikuwa kazini. Nilikuwa ndani. Nilikusikia, nilikuona kwenye kitundu, nikanyamaza. Nasra alidanganya kunisitiri mimi, na Jumapili nikadanganya mwenyewe." Sauti ilinitoka ndogo, ya mtoto.

Hakuinua kichwa. Akavunja bua moja, akaliweka pembeni. "Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kitunguu kilinukia mpaka kwangu. Nani anakaangaka kitunguu nyumba haina mtu? Nilikusikia hata unapunguza moto."

Nasra, nikakaa bila kukaribishwa. Nikamuuliza basi kwa nini Jumapili aliniambia nilikuwa kazini. Akasema, "Mutoto alisema mama alikuwaka kazini. Nitamufanya mutoto mwongo? Nilikuachia mlango wazi useme mwenyewe. Hukusema."

Nikalia, sikufichi. Na nikiwa nalia nikamuuliza swali jingine. "Kama ulijua niko ndani, kwa nini uliondoka? Kwa nini hukupiga kelele, hukugonga kama zamani, hukuvunja mlango?"

Hapo ndipo akaniangalia. "Ni wewe ulinifundisha. Hodi tatu. Ukasema ya tatu mwenye nyumba anaamua. Niliona umeamua."

Hakusema kwa ubaya. Ningependa angesema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekukumbusha ulipoweka funguo. Ile adabu yangu niliyojisifia mpaka kazini, mwanamke anakosa pumzi na bado anaiheshimu, anarudi zake kufa kwake ili mimi nisione haya. Na angekufa, Nasra. Isingekuwa wewe na bomba la maji, angekufa na heshima zake zote.

Sikumwomba msamaha kwa maneno mazuri, sikuwa nayo. Nilisema, "Nimekukosea." Akasema, "Sana. Nilikasirika sana, mpaka hospitali nilikuwa nakukasirikia, ndiyo ilinipa nguvu ya kupona." Akasukuma sinia katikati yetu. "Sasa chambua." Nikachambua. Tulichambua mpaka mboga zikaisha, na sijui kama huo ndio msamaha wa Uvira au ni mboga tu.

Nimerudi sasa, vidole vyangu ni vya kijani. Naona karatasi inaelekea mwisho na sijakupa ushauri hata mmoja wa maana. Nilifungua Tanga, nikapoteza nyumba. Nilifunga Lidcombe, nusura nipoteze mtu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nimeficha nusu ya umri wangu, na bado nisipokuambia ufunge mlango Bathurst sitalala. Kwa hiyo funga. Lakini uchungulie. Na ukimwona mtu ameshika fremu ya mlango, sijui, fanya ulichofanya. Wewe ulipata njia ambayo mimi katika miaka yangu yote sikuiona, kwamba mtu anaweza kuwa ndani, na mlango umefungwa, na bado akaitika.

Lililo langu kusema ni moja tu. Huko uendako, ikiwa wewe ndiwe uliye nje, kifua kimekubana, au moyo, na mwenye nyumba hakuitiki, usiondoke kwa adabu. Sahau nilichokufundisha. Gonga kama Mkongomani. Na kama mwenye nyumba ni mimi, vunja.

Nasikia magurudumu ya begi ngazini, unalipigisha kila daraja kama kawaida yako, Mungu awasaidie watu wa Bathurst. Hii nitaipitisha leo chini ya mlango wa chumba chako, kwa sababu nikikupa mkononi utaniangalia na mimi nitaanza kuzungumzia mchele. Isome, lala. Kesho, kabla mjomba wako hajafika na gari lake kukupeleka, nitasimama mlangoni pako nipige hodi. Una haki ya kunyamaza, tena haki kubwa kuliko niliyokuwa nayo mimi. Nitaita ya kwanza, nitaita ya pili, nitaita ya tatu.

Usipoitika, nitaita ya nne.

Mama yako,
aliyekuwa nyumbani siku ile